Kolambaini za Mama Jasper

Alhamisi, 20 Februari

Leo nimefanya jambo la kijinga, na kwa kuwa hakuna wa kumwambia, nitaliandika. Nimeng'oa maua ya mke wangu.

Mama Jasper aliondoka Jumatatu kwenda Nairobi kumsaidia binti yetu Bosibori, aliyejifungua pacha. Katika miaka thelathini na sita ya ndoa hajawahi kuniacha zaidi ya siku tatu. Maagizo aliyoacha ni machache: ng'ombe akamuliwe kwa wakati, nisishinde na chai na mkate kutwa nzima, na tuta lake la maua chini ya dirisha nisiliguse. "Hata ukiona yamekufa," akasema. Nikamjibu kwamba mimi ni mwalimu mstaafu, si mbuzi.

Maua yenyewe ni kolambaini. Kijiji kizima hakuna mwingine aliye nayo. Mbegu alipewa na Padma, mama wa Kihindi aliyekuwa na duka la vitambaa Nyamira mjini, enzi zile Mama Jasper akienda kununua kitambaa cha sare za kwaya wanashinda wakiongea habari za mimea mpaka anakosa gari la kurudi. Ua lake ni la zambarau lenye moyo mweupe. Limeinamisha kichwa, na kisogoni lina vipembe vitano vilivyopinda. Majani ukiyaona utadhani ni dania. Ukame wa Januari ulikuwa umeyakausha yote, vikabaki visiki vyeusi.

Jana jirani yangu Onyancha alisimama nje ya ua, akalitazama tuta lile, akaniuliza kama siku hizi nalima vijiti. Huku kwetu ardhi ni haba. Mtu akiacha hatua tatu bila mmea, watu huanza kuulizia afya yake. Basi asubuhi nikashika jembe. Nilipomaliza nikainama kutazama mizizi. Ilikuwa minene, myeupe, yenye maji. Ilikuwa hai, na nilikuwa nimekwisha kuikatakata yote.

Nimepanda vitunguu.

Jumamosi, 22 Februari

Jua lilipozama na Sabato ikaisha, Mama Jasper akapiga simu. Pacha hawajambo, mmoja ananyonya vizuri, mwingine mvivu. Mwishoni akauliza, "Na maua yangu?"

Nikasema, "Yapo."

Chakula kimenishinda.

Jumatatu, 24 Februari

Nimekwenda Nyamira kumtafuta Padma nimwombe mche. Pale palipokuwa na duka lake sasa wanauza simu. Swati wa duka la jirani, anayeuza vyombo vya nyumbani, aliniambia Padma alihamia Kisumu kwa mwanawe Rahul, na bustani ya nyuma ilimwagwa zege ili magari yaegeshwe. Maua hakuyakumbuka hata kidogo. Alikumbuka kwamba mbwa wa Padma alikuwa mkali.

Jumatano, 26 Februari

Mungu yupo. Nilifungua kitabu cha nyimbo cha Mama Jasper, ikaanguka bahasha ya zaka. Nilishtuka nikidhani ni sadaka aliyosahau kuitoa. Kumbe ndani mna mbegu, na juu ameandika kwa mkono wake: kolambaini, Desemba. Nimezihesabu mara mbili. Ni arobaini na moja, nyeusi, zinang'aa. Zinafanana sana na mbegu za vitunguu, jambo ambalo sikulipenda.

Alhamisi, 27 Februari

Nimeng'oa vitunguu. Nimepanda mbegu ishirini na moja kama nilivyofundishwa na marehemu baba kupanda mahindi: kidole kinaingia hadi kiungo cha pili, mbegu mbili kwa shimo, la mwisho moja, mbolea ya ng'ombe, unafukia, unakanyaga. Zilizobaki nimezirudisha kwenye bahasha.

Jumamosi, 1 Machi

"Na maua yangu?"

"Yapo."

Alitarajiwa kurudi mwisho wa mwezi huu. Sasa anasema pengine katikati ya Aprili, kwa sababu yule pacha mvivu haongezi uzito. Akanisimulia kwamba kwa Bosibori maji ya moto yanatoka ukutani, unafungua tu. Kisha akacheka, akasema akirudi atakuwa amefuata maua yake, si mimi, kwa maana mimi ninaweza kupanda gari nikamfuata huko.

Ni utani, najua. Lakini nimekaa na utani huo tangu alipokata simu. Hapa ana moshi wa jikoni, matope, ng'ombe na mimi. Kama maua hayapo, kitu gani kitamrudisha?

Jumamosi, 8 Machi

Yapo.

Jumatano, 12 Machi

Mvua imeanza. Mahindi ya Onyancha yametoka yote. Tuta langu liko kama lilivyokuwa.

Jumapili, 16 Machi

Leo mkamwana wangu amenisemesha.

Lazima nieleze. Mokeira ni mke wa mwanangu Jasper, na nyumba yao iko hapa hapa, ng'ambo ya ua wa michongoma. Jasper yuko Naivasha kwenye mashamba ya waridi, anakuja mwisho wa mwezi. Kwetu Abagusii kuna heshima tunayoiita chinsoni. Mimi siingii nyumba ya mkamwana wangu, wala sipiti nyuma ya nyumba hiyo, naye hanipi mkono. Miaka mitano tumeishi hivi, na kila tulichotaka kuambiana kilipitia kwa Mama Jasper. Nikitaka kusema ng'ombe ameingia kwenye mboga zake, namwambia Mama Jasper. Naye akitaka kunijibu, anamwambia Mama Jasper. Kwa hiyo nimemjua Mokeira kama mtu anavyojua mtangazaji wa redioni. Nilimdhania ana maringo, maana alikuwa akinipita kimya.

Leo alisimama upande wake wa ua, macho chini, akaniita tata, baba kwa lugha yetu, akasema, "Tata, zile mbegu hazipandwi kama mahindi."

Nikamuuliza mbegu zipi. Akasema ana macho. Kisha akaniambia, polepole kama mtu anayekariri, kwamba mbegu zile zinataka baridi kwanza. Zifungwe ndani ya karatasi laini yenye unyevu, ziwekwe kwenye friji wiki tatu, halafu zinyunyizwe juu ya udongo bila kufukiwa, kwa sababu zinataka mwanga. Nilizofukia, akasema, nizisahau.

Nilikasirika. Nimefundisha miaka thelathini na moja, na sehemu yake ilikuwa kilimo. Kisha nikakumbuka Jasper anafanya kazi kwenye maua, bila shaka ndiye aliyemwambia. Hasira ikapoa.

Jumanne, 18 Machi

Friji iko kwa Mokeira, anayeuza maziwa na mala, yale ya mgando. Nimeiweka bahasha juu ya jiwe lililo kwenye pengo la ua, nikarudi nyuma hatua kumi. Akaja, akaichukua, akaondoka. Ungetuona ungedhani tunafanya magendo.

Mbegu ishirini. Zikiharibika hizi, basi.

Jumamosi, 29 Machi

Yapo. Umeme umepotea tangu jana. Nilipaza sauti uani nikauliza mbegu zina hali gani. Mokeira akajibu kwamba amezishusha ndani ya mtungi wa maji, mtungi uko sakafuni gizani, na nisiwe na wasiwasi. Maziwa yake yote yamechacha, na hilo hakulitaja. Nimelisikia kwa Onyancha.

Jumamosi, 5 Aprili

Yapo. Sasa anasema mwisho wa Mei.

Jumanne, 8 Aprili

Mbegu zimetoka kwenye baridi. Mokeira amezinyunyizia kwenye beseni lililotobolewa, lenye udongo wa msituni na mchanga. Beseni liko nyuma ya nyumba yake, kwa sababu huku kwangu kuku wanachakura kila kitu, na kule kuna kivuli cha asubuhi. Maana yake ni kwamba siwezi kwenda kuliona. Nyuma ya nyumba ya mkamwana ndiko anakoanika nguo na ndiko bafu lilipo. Tumekubaliana kila Jumapili alilete kwenye jiwe, aondoke, niangalie, niondoke.

Jumapili, 13 Aprili

Udongo.

Jumapili, 20 Aprili

Udongo.

Jumapili, 27 Aprili

Udongo. Jana nilisema "yapo" upesi mno, Mama Jasper akauliza kama nina kikohozi.

Alhamisi, 1 Mei

Nilikuwa nakamua niliposikia Mokeira akiita kutoka kwenye pengo, na leo si Jumapili. Nikajua zimeoza. Nikaenda na ndoo mkononi. Beseni lilikuwa juu ya jiwe, naye amesimama mbali, upande wa jiko lake.

"Hesabu, tata," akasema.

Ilibidi nivae miwani. Ni vitu vidogo mno, shina jembamba kama uzi na vijani viwili vya mviringo. Nilihesabu kumi na vinne. Nikakaa chini kando ya jiwe, kwenye majani yenye maji, suruali ikalowa. Nimefurahi siku nyingi maishani, lakini sikumbuki lini nilifurahi bila kuwa na mtu wa kumshika mkono.

Jumamosi, 10 Mei

Yapo. Kwa mara ya kwanza ni kweli kidogo, na nimeona uongo ulio na ukweli kidogo unanisumbua kuliko ule mtupu.

Jumapili, 18 Mei

Miche ina majani ya pili, yale ya dania. Kila Jumapili nagundua jambo juu ya mkamwana wangu. Anaimba akifua, sauti ya pili, sawasawa. Alizungushia beseni majivu konokono wasipande. Udongo aliufuata msituni kwa miguu, asubuhi ambayo mimi nilikuwa nimelala. Tena ana ulimi: nilipouliza kama miche haihitaji mbolea zaidi, alisema inahitaji kuachwa. Nilicheka peke yangu mpaka nilipofika kwa ng'ombe.

Alhamisi, 22 Mei

Nimevua nguo zilizolowa, sasa nitaandika.

Saa tisa mchana wingu lilitokea upande wa Keroka, jeusi, na chini yake kuna rangi ya maziwa. Kila mwenye michai huku anaijua rangi ile. Ni mvua ya mawe. Nikaita Mokeira uani. Kimya. Nikaita tena, nikakumbuka nimemwona akitoka na kibuyu cha maziwa kwenda kwenye kituo cha kununulia chai, ambako ana wateja wake.

Beseni lilikuwa nyuma ya nyumba, wazi.

Nilipita kwenye pengo la ua. Nilifika kwenye pembe ya nyumba yake. Kutoka pembe ile hadi kwenye beseni ni hatua sita, na niliweza kuliona, vile vijani kumi na vinne vikitikiswa na upepo. Kando yake kamba ilikuwa imejaa nguo zake za ndani na kanga. Sikuogopa Onyancha. Wala sikuogopa laana, umri wangu umekwisha kuona laana chache. Nilichofikiri ni kwamba mwanamke huyu, katika boma zima ambalo si lake la kuzaliwa, ana mahali pamoja tu ambapo mimi sifiki. Nikipita leo kwa sababu ya maua, kesho nitapita kwa sababu ya kuku. Mawe ya kwanza yalinipiga kichwani, ukubwa wa punje za mahindi, halafu ukubwa wa zabibu. Nilisimama pale pembeni kama mjinga, nalilia beseni nililoweza kulifikia kwa hatua sita.

Ndipo nikasikia miguu. Mokeira alikuja mbio kutoka njiani, kibuyu amekitupa, viatu vimebaki kwenye matope. Alinipita bila kunitazama, akajilaza juu ya beseni kwa mikono na magoti, mgongo juu, na mawe yakampiga mgongoni. Nikavua koti nikamrushia. Alilifunika beseni, akalibeba, nami nikarudi upande wangu wa ua, akalipitisha juu nikalipokea, tukakimbilia zizini kwa kuwa ndilo paa lililokuwa karibu na si la nyumba ya mtu.

Ng'ombe alikuwa katikati. Mimi upande huu nikitazama ukuta, yeye upande ule akitazama ukuta. Mawe yalipiga mabati kwa kelele iliyotulazimisha kupaza sauti. Nikamwambia pole kwa mgongo. Akasema ni mawe tu. Kisha akasema, "Tata, mwambie mama."

Nikasema nitamwambia yakishachanua. Nilikuwa nimeyapanga hivyo tangu Februari: atafika, atayaona yakiwa yamefunguka chini ya dirisha, na nitakiri huku anatabasamu.

"Hayachanui mwaka huu," akasema. "Haya ni mpaka mwakani. Utamwambia 'yapo' mpaka mwakani?"

Mvua ilipotulia akaondoka kutafuta viatu vyake. Nimehesabu miche chini ya koti. Mitano imevunjika shingo, tisa ni mizima. Nimekaa hapa najiuliza amelijuaje neno lile.

Jumamosi, 24 Mei

Sikungoja apige. Jua lilipogusa mlima nikapiga mimi. Niliongea nimesimama, kama mwanafunzi.

Nikasema, "Mama Jasper, maua yako niliyang'oa. Siku ya tatu tu baada ya wewe kuondoka. Nilipanda vitunguu. Nimekudanganya kila Sabato."

Nilisikia pacha mmoja akilia, na mlango ukifungwa. Halafu akauliza, "Mawe yamebakisha mingapi?"

Nilikaa kitandani. Mimi habari za mawe sikuwa nimemwambia. Wala za miche.

"Tisa," nikasema.

"Mokeira alisema tisa. Nilitaka nihesabiwe na wewe."

Basi yote yakatoka. Mokeira aliniona na jembe siku ile ile, akampigia simu kabla sijamaliza tuta. Mama Jasper alilia siku mbili, akamwambia Mokeira anyamaze, asubiri aone kama nitasema. Aliposikia nimezika mbegu kwa kidole kama mahindi, ndipo akashindwa kuvumilia. Habari ya friji ni yake. Habari ya kutofukia ni yake. Mtungi, majivu, udongo wa msituni, vyote ni maneno yake yaliyopita Nairobi yakarudi kwa mdomo wa mkamwana. Nikasema mimi nilidhani ni Jasper.

"Jasper anafunga maboksi," akasema. "Mbegu anaijulia wapi?"

Nikamuuliza kwa nini hakunigombeza tu tangu mwanzo, nipumue. Akasema, "Nilikuuliza Jumamosi kumi na tatu. Ulitaka nikuulize vipi?" Sauti yake haikuwa ya hasira, ilikuwa imechoka, na hilo liliniuma zaidi. Nikamwomba msamaha kwa jina lake la usichana, Nyanchera, ambalo sijalitumia tangu Jasper azaliwe. Kisha akasema amenisamehe tangu aliposikia nimesimama kwenye mawe nisipite nyuma ya nyumba ya yule mtoto, kwa sababu hakujua kama ningesimama.

Nikauliza kama atarudi.

"Nani alikuambia sirudi?"

Nikamkumbusha maji ya moto yatokayo ukutani. Alicheka mpaka Bosibori akaja kuuliza kuna nini. Alisema amechelewa kwa sababu ya uzito wa mtoto, si kitu kingine, na kwamba yale maji hayana mtu wa kubishana naye. Tulipokata simu nililia sana. Kisha nikapika ugali mkubwa, nikaula wote, na sasa nakwenda kulala.

Jumapili, 8 Juni

Tisa. Majani ya tatu.

Jumapili, 22 Juni

Amefika. Amenenepa kidogo. Nilitaka kumpeleka kwenye beseni, akasema kwanza anywe chai, kisha aone ng'ombe, kisha abadilishe viatu. Nafikiri alifanya makusudi. Alipoinama hatimaye juu ya miche, aliigusa mmoja mmoja kwa ncha ya kidole, midomo ikicheza. Hakusema ahsante, na sikuistahili. Alisema udongo uko vizuri.

Jumanne, 1 Julai

Leo tumepandikiza, na tumegombana.

Mama Jasper amepanda minne chini ya dirisha, mahali pake pa zamani, kwa kijiko, bila kuvunja udongo wa mizizi. Nikasubiri apande mitano iliyobaki. Akaichukua, akapita kwenye pengo la ua, akaenda nayo nyuma ya nyumba ya Mokeira. Nilisikia wakicheka na kuchimba. Aliporudi nikamwambia hilo si haki. Mitano ndiyo iliyokuwa na afya. Nimeisubiri tangu Februari, nimepigwa mawe kwa ajili yake, na sasa ameipanda mahali pekee duniani ambapo siwezi kwenda kuitazama.

"Najua," akasema, akinawa mikono.

Nikamuuliza basi nitajuaje kama inaendelea.

"Utamuuliza Mokeira," akasema. "Mimi nimechoka kupeleka maneno yenu."

Nilizunguka boma lote nikinung'unika. Jioni, ng'ombe akiwa amekamuliwa, nilikwenda kwenye pengo la ua, nikasimama upande wangu, nikakohoa. Mokeira alitoka jikoni akipangusa mikono, akasimama upande wake. Nikamuuliza maua yake yameshindaje. Akasema mche mmoja umelegea kidogo lakini yote itaamka kesho, na akaniuliza yangu je. Nikamweleza. Tumesimama pale tukiongea mpaka Mama Jasper akaniita mara mbili kwamba chakula kinapoa.